Mtoto aliyechelewa kulia: chunga joto lisipande

Wenzangu wa wodi ya watoto wachanga, tumefundishwa kuogopa baridi, na ni sawa. Ila kwa mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, joto nalo ni la kuogopwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichambua watoto wa namna hii ambao hawakupozwa, yaani hawakushushwa joto la mwili makusudi kama tiba. Kwa waliokuwa na joto la juu, kila nyuzi moja iliyoongezeka iliambatana na uwezekano mkubwa karibu mara nne wa kufa au kupata ulemavu. Kwamba joto ndilo lililodhuru, au ubongo ulioumia vibaya ndio uliolipandisha, hawakuweza kuamua. Mimi sisubiri jibu hilo.

Hatua ya 1. Kausha kwapa, weka ncha ya kipimajoto katikati yake, bana mkono wa mtoto mpaka kilie. Kiganja chako si kipimo.

Hatua ya 2. Lenga 36.5 hadi 37.5. Pima kila saa, andika, hata saa tisa usiku.

Hatua ya 3. Likizidi 37.5, anza na mashine ya joto. Kihisio kikibanduka kwenye ngozi, mashine hudhani mtoto amepoa na huzidi kumpasha. Hapo ndipo nimekuta tatizo mara nyingi kuliko penginepo. Kisha punguza nguo, vua kofia, pima tena baada ya nusu saa.

Hatua ya 4. Lisiposhuka, mwite daktari. Huenda ni maambukizi, au degedege lisiloonekana wazi.

MASWALI

– Shikamoo sista. Hatuna mashine ya kupoza. Tutumie chupa za maji baridi?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, tafadhali. Kupoza ni kumshusha mtoto hadi karibu 33.5 kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa 6 za kwanza, akifuatiliwa muda wote. Hata hivyo, katika jaribio la India, Sri Lanka na Bangladesh lililotangazwa mwaka 2021, waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa 31, na hizo zilikuwa hospitali kubwa.

– Mama anaomba kumpakata kifuani. Nimruhusu?

Daktari akiridhika na upumuaji wake, mruhusu. Lakini kifua cha mama nacho kinapasha, kwa hiyo kipimajoto kisiondoke hapo.