Jinsi ya Kuitunza Saa ya Tamthilia Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Kenya, jioni hufuata televisheni. Saa moja ni taarifa ya habari kwa Kiswahili, saa tatu ni taarifa kwa Kiingereza, na katikati ya hizo mbili tamthilia imejipatia makao. Citizen TV ilianza kurusha Maria mwaka 2019, saa moja na nusu usiku, siku za kazi, na baadaye Zora na Sultana zikaishika saa ile ile, hata wako waliozoea kupika mapema na kuahirisha simu za salamu mpaka kipindi kimalizike. Tanzania mpango ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko taarifa ya habari ya saa mbili usiku ndiyo nguzo ya jioni, lakini tabia ni moja: kipindi kinachopendwa huingia jikoni, huingia katika mazungumzo ya asubuhi, na huwapa watoto wa mtaa majina ya utani.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye tayari ana kipindi nyumbani kwake, au anatarajia kukikaribisha, na anataka kiwafae watu wa nyumba hiyo. Kipindi huwa sehemu ya maisha kwa sababu ya saa yake isiyobadilika, watu wanaokitazama pamoja, na maneno yanayosemwa baada yake. Hayo maneno ndiyo yenye thamani kuliko yote, na ndiyo yanayopotea kwanza kila mtu anapojifungia na simu yake, kwa hiyo karibu kila shauri lililo hapa chini linalenga kuyalinda.

Anza kwa kuchagua kipindi kimoja tu cha nyumba nzima. Kila mtu anaweza kuwa na vipindi vyake vingine, lakini cha pamoja kiwe kimoja, na kichaguliwe kwa uangalifu, kwa sababu athari yake si ndogo. Nchini Brazil, wachumi waliochunguza kuenea kwa mawimbi ya kituo cha Globo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waligundua kwamba uzazi ulipungua katika maeneo yaliyofikiwa na tamthilia zake, ambazo nyingi zilionyesha familia zenye watoto wachache, na kwamba wazazi wa maeneo hayo walikuwa wakiwapa watoto majina ya wahusika. Jambo linaloweza kugusa idadi ya watoto na majina yao halifai kuachiwa yeyote aliyewahi rimoti.

Kipe kipindi kipya majaribio ya wiki mbili. Mtu mzima mmoja atangulie kutazama sehemu za mwanzo peke yake, ikiwezekana katika marudio ya mchana, akiwa na swali moja akilini: je, watu wote wa nyumba hii wanaweza kuketi pamoja mbele ya kipindi hiki bila mmoja kulazimika kuinuka? Kwetu jambo hili ni zito. Mama mkwe na mume wa binti yake, au baba na binti yake aliyekwisha balehe, hawawezi kutazama pamoja mandhari ya faragha, na mara yanapotokea, mmoja atasingizia kwenda kunywa maji na kesho yake hatarudi tena sebuleni. Kipindi kinachowatawanya watu kina nafasi yake katika chumba cha mtu mmoja mmoja, lakini hakifai kuwa cha nyumba.

Angalia pia lugha. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingiziwa sauti za Kiswahili, na ikajulikana kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Naamini mambo mawili yalisaidia. Kwanza, kisa cha mke kijana na mama mkwe hakihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Afrika Mashariki. Pili, sauti za Kiswahili zilimwingiza katika kisa hata bibi asiyeweza kusoma maandishi yanayopita chini ya picha. Basi kipimo ni hiki: mkubwa kabisa na mdogo kabisa kati ya watakaotazama wawe wanakifuata kisa bila kutafsiriwa, kwa maana mwenye kutafsiriwa kila sentensi huchoka, na anayemtafsiria huchoka zaidi.

Baada ya kuchagua, panga saa, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapomdhulumu mtu mmoja bila kukusudia. Mtu huyo ni yule wa jikoni. Kipindi kinapoanza, wengine wamekwisha kukaa kwenye makochi, naye angali anageuza chapati au anasubiri wali ukauke, akisikiliza tamthilia kupitia mlangoni na kuuliza kila baada ya dakika chache nani amesema nini. Mara nyingi ni mama mwenyewe au dada wa kazi. Ikiwa saa ya kipindi ni saa moja na nusu, chakula kiwe kimekwisha kuiva kufikia saa moja na robo, na hilo haliwezekani bila kugawana kazi: mmoja akate kachumbari, mwingine aoshe sufuria mapema, na vyombo vya chakula visubiri mpaka kipindi kiishe, halafu vioshwe na waliokula. Dada wa kazi naye apewe nafasi ya kukaa, wala asiitwe kwa jambo dogo katikati ya kisa. Katika nyumba nyingi yeye ndiye anayekumbuka kisa vizuri kuliko wote, kwa kuwa huona hata marudio ya mchana, na mtu aliyekosa sehemu ya jana humwendea yeye kuuliza. Heshima anayopewa katika saa hiyo huonekana pia katika saa nyingine za siku.

Saa ya kipindi isigongane na mambo yasiyosogezwa. Kazi za shule zimalizike kabla. Katika nyumba za Waislamu, Isha huingia karibu na muda huo huo wa jioni, na ni vyema mkubaliane tangu mwanzo kwamba sala haisubiri matangazo ya biashara. Anayetoka kuswali atasimuliwa akirudi, au atatazama marudio. Nimeona hata kusimuliana huko kunaleta faida, kwa maana mtoto anayeombwa amsimulie babu yale yaliyopita hujifunza kupanga maneno na kutofautisha jambo kubwa na dogo.

Sasa tuje kwenye mazungumzo yenyewe. Mwaka 1956 wanazuoni wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu ukaribu wa upande mmoja unaojengeka kati ya mtazamaji na watu wa kwenye televisheni: mtazamaji huwajua kama anavyowajua marafiki, ilhali wao hawamjui kabisa. Kenya ina mifano yake. Benson Wanjau aliigiza Mzee Ojwang' katika Vitimbi ya KBC kwa miaka mingi, na alipofariki mwaka 2015 waliomlilia kwa jina la Ojwang' walikuwa wengi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Charles Bukeko, Papa Shirandula wa Citizen TV, aliyefariki mwaka 2020. Watu walihisi wamefiwa na jirani. Ukaribu huo una nguvu, na nyumba inaweza kuutumia.

Utumie kwa kusema yale ambayo hayasemeki ana kwa ana. Waswahili tumezoea kufikisha ujumbe kwa njia ya pembeni: jina la kanga humfikia aliyekusudiwa bila ugomvi, na shairi la taarabu humgusa mtu ambaye hakutajwa. Mhusika wa tamthilia hufanya kazi kama ya kanga hiyo. Baba asiyejua namna ya kuzungumza na binti yake kuhusu wanaume wenye fedha na ahadi nyingi anaweza kuzungumza naye kuhusu mhusika aliyedanganywa na mwanamume wa namna hiyo. Ndugu walio na mvutano juu ya shamba la marehemu baba yao wanaweza kusikilizana vizuri zaidi wakiujadili urithi wa familia ya kwenye runinga. Mke anaweza kueleza maoni yake kuhusu uke wenza bila kuonekana kama anamtuhumu mumewe.

Yako mambo ya kuzingatia ili mazungumzo hayo yasiharibike. Yaanzeni wakati wa matangazo, au mara tu kipindi kinapokwisha, kabla simu hazijashikwa. Aanze mdogo kuulizwa, kwa sababu mkubwa akishatoa hukumu, wadogo watakubaliana naye kwa adabu tu na hutajua wanachowaza. Swali liwe la kumweka mtu katika nafasi ya mhusika: ungekuwa wewe, ungemwambia ukweli mama yako au ungenyamaza? Jibu likikushtua, usigombe papo hapo. Uliza sababu, kisha nyamaza umsikilize. Wala usilivue fumbo kwa kumnyooshea kidole aliye mbele yako na kusema kwamba mhusika fulani ni kama yeye, kwani siku utakayofanya hivyo ndiyo siku ya mwisho kwa mtu huyo kusema la moyoni mbele ya televisheni. Pia jizuie kuhubiri. Mtoto anatambua upesi kwamba swali limegeuka mawaidha, na atajibu kile unachotaka kusikia.

Watoto wadogo wanahitaji mpango wao. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Ikiwa saa hiyo moja itatumika, itumike kwa kipindi kilichotengenezwa kwa ajili yao. Ubongo Kids, kilichoanza mwaka 2014 na kinachotengenezwa Dar es Salaam, hufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo kwa Kiswahili, na Akili and Me, kutoka kwa watengenezaji hao hao, ni cha wadogo zaidi. Wimbo wa kuhesabu uliosikika kwenye runinga uimbwe tena wakati wa kupanga vikombe mezani au kuhesabu ngazi.

Kuhusu simu, sheria moja inatosha: katika kipindi cha nyumba, hakuna kutangulia. Sehemu nyingi sasa hupatikana YouTube, na kijana anaweza kutazama tano kwa usiku mmoja, lakini akifanya hivyo atakuwa ameshajua mwisho wakati wengine wangali wanakisia, na kukisia huko ndiko kunakozaa mazungumzo. Anayeshindwa kuvumilia apewe kipindi kingine cha kutangulia nacho. Hata hivyo simu hizo hizo zina kheri kubwa kwa jamaa walio mbali. Ndugu aliye Muscat, ambako saa iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja tu, anaweza kutazama sehemu ile ile usiku ule ule na kupiga simu mara inapokwisha. Aliye Ulaya au Marekani anaweza kuitazama kesho yake na kutuma maoni kwa ujumbe wa sauti. Simu ambazo zamani ziliishia kwenye salamu na mambo ya fedha hupata jambo la tatu la kuzungumza.

Gharama zipangwe mapema: kifurushi cha king'amuzi kilipwe siku ile ile ya kila mwezi inayolipiwa umeme au maji, na mkubaliane mtatazama marudio lini iwapo umeme utakatika.

Kipindi kikianza kurefushwa pasipo sababu, wahusika wakifa na kufufuka, na mazungumzo ya sebuleni yakawa ni malalamiko tu, kiacheni hata kama hakijaisha. Na kikiisha chenyewe, msikimbilie kingine usiku unaofuata. Iacheni saa ile wazi kwa wiki moja, watu waendelee kukutana pale pale, na aombwe mzee wa nyumba asimulie kisa cha ukoo ambacho vijana hawajakisikia; baadhi ya visa hivyo vina wahusika wazito kuliko wa tamthilia yoyote. Kisha orodha ya vipindi vipya iletwe mbele ya wote, kila mmoja apendekeze kimoja, na kama hamtakubaliana, achague yule ambaye pendekezo lake lilikataliwa mara iliyopita, halafu majaribio ya wiki mbili yaanze upya.