Mwasmini una matumba upande mmoja tu? Utazame kabla ya kuutia mbolea

Mwasmini wa nyumbani hujua kukuaibisha siku hasa unapouhitaji. Jirani anatuma mtoto: "Mama asema, akuombe asmini za kikuba, leo kuna kupamba." Unapanda darini na sahani yako, unakuta upande mmoja matumba meupe yamevimba, upande wa pili yako kama punje za mchele, na mengine yameshaanguka. Kikuba, kile kishada cha maua ya kuvaa kifuani au kwenye nywele, hakifungwi kwa matumba manane.

Nina miasmini minne kwenye madebe hapa Langoni, Lamu: miwili darini, miwili chini kwenye kiwanda (ule ua wa ndani ya nyumba, si pale panapotengenezwa sabuni). Kosa la wengi, na mimi nimo, ni kukimbilia mbolea. Kwanza angalia matumba madogo yamekaa wapi mtini. Hapo ndipo utakapoijua sababu.

Hatua ya 1: Tambua yasiyo na neno

Asmini hutoa matumba kwenye ncha za machipukizi, mara nyingi matatu matatu, na la katikati hutangulia wenzake. Hilo si ugonjwa. Tazama saa kumi alasiri, usitazame asubuhi: ya kuchanua usiku huo yatakuwa yameshageuka kutoka kijani kuwa meupe, na hutayachanganya na ya kesho.

Hatua ya 2: Yamedumaa upande mmoja, fuata jua

Hapa ndipo penye kesi nyingi. Lamu iko kusini kidogo ya ikweta, kama nyuzi 2. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana huegemea kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi huegemea kusini. Kwenye kiwanda chenye kuta ndefu za mawe ya matumbawe, debe lililokuwa likipigwa na jua wakati wa kaskazi hujikuta kivulini kusi ikiingia, na hakuna aliyelisogeza. Mwaka mmoja nilikaribia kuamini kuwa mti wangu umetupiwa jicho. Kumbe ni kivuli cha ukuta.

Chukua kipande cha mkaa, uweke alama sakafuni kivuli kinapofika saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Mwasmini unataka jua lenyewe kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Ukikosa hapo, hamisha debe. Ukipata lakini upande mmoja tu, ligeuze debe robo mzunguko kila wiki wakati mti uko kwenye majani. Mimi huacha kuligeuza matumba yakishatokea.

Hatua ya 3: Yamejaa juu, chini hakuna

Tawi lililokimbilia juu hujichukulia nguvu, ya pembeni yakalala. Liinamishe polepole, ulifunge kwa kamba lilale ubavu. Baada ya siku chache macho ya ubavuni huanza kuchipua. Kama limeshakuwa gumu, likate.

Na ukikata, kata mti mzima siku moja. Asmini huchanua kwenye chipukizi jipya, si kwenye mti mkongwe. Ukipunguza leo tawi hili na wiki ijayo lile, matumba nayo yatakuja kwa zamu hivyo hivyo. Punguza thuluthi ya kila tawi kwa siku moja, utapata maua yanayokaribiana. Kwangu huchukua kama mwezi mmoja na nusu, kwa hiyo harusi ikitajwa nahesabu nyuma ndipo naokota mkasi.

Hatua ya 4: Majani tele, matumba machache kila mahali

Samadi ya punda Lamu ni ya bure, iko mlangoni, na ndiyo iliyonidanganya. Nilitia mbichi. Mti ukajaa majani mapana ya kupendeza, wala sikupata asmini ya kujaza kiganja. Nitrojeni ikizidi, mti hula na kunenepa tu. Iache samadi ioze hadi isinuke na imeng'enyeke mkononi, kisha tia konzi mbili baada ya kupogoa, basi.

Jani likiwa la manjano huku mishipa yake ni ya kijani, shuku chokaa ya ukuta iliyodondokea debeni. Chokaa huuzuia mti kuchukua chuma. Badilisha udongo wa juu na usogeze debe mbali na ukuta unaobomoka.

Hatua ya 5: Ncha za majani zimeungua, matumba yakauka

Ni munyu, wa maji ya kisima au wa upepo wa kusi. Mwagia maji ya mvua kutoka jabiani (birika la kuwekea maji) hadi yatoke kwa wingi chini ya debe. Debe lisilo na matundu halina dawa, litoboe.

Hatua ya 6: Mabovu yametawanyika ovyo

Pasua moja kwa ukucha. Tumba lenye kitundu na rangi ya zambarau lina funza ndani. Lililovimba kitakoni na kudumaa lina viluwiluwi vya kijidudu kidogo kama mbu, ambavyo vikikomaa hushuka kujificha udongoni. Kwa hiyo usiyatupe chini. Yachume yote, pamoja na yaliyoanguka, uyafunge kwenye chupa yenye kifuniko na uiache juani siku mbili tatu. Dawa ya sumu mimi sipulizi. Ua hili linakwenda kifuani na kwenye nywele za mtu.

Yaliyo tayari yachume kabla ya magharibi, kwenye sahani pana yasilaliane. Yakishachanua mtini, ukiyatunga uzini hupukutika.