Kipuri cha ndege kutoka Canada: namna ya kukagua asili yake kabla ya kukifunga

Caravan inayoruka kutoka Kisauni kwenda Pemba imeundwa Marekani, lakini injini yake, PT6A, ni ya Canada. ATR huungwa Toulouse, Ufaransa, nazo injini zake ni za Pratt & Whitney Canada. Dash 8 ni ya Canada mwili na injini. Fundi au mtunza stoo wa Visiwani atakutana na vipuri hivi tu, apende asipende, na anayejua viwanda vile vilipita mikono ya nani hugundua hati ya uongo mapema kuliko anayetazama muhuri peke yake.

Mzigo ukifika, fungulia ndani, hasa wakati wa masika. Sanduku la injini huwa na kiashiria cha unyevu: buluu ni kavu, waridi maana yake unyevu umeingia. Waridi pekee haihukumu injini, ila usisaini mapokezi mpaka ikaguliwe ndani, na upige picha kabla kifungashio hakijatupwa. Ringi za mpira zina tarehe ya kutengenezwa mpira wenyewe: 3Q19 ni robo ya tatu ya mwaka 2019. Umri wake wa stoo huhesabiwa tangu hapo, si tangu siku ilipofika kwako.

Kisha soma namba kwenye kipuri chenyewe, ndipo uende kwenye karatasi. Ukianza na karatasi, jicho litaona linachotarajia. Namba za vipuri vya Twin Otter, ndege ya Canada, kwa kawaida huanza na C6, za Beaver na C2. Za Pratt & Whitney Canada nyingi zina tarakimu saba zinazoanza na 3, na namba ya injini nzima huanza na PCE. Makosa huja kwenye 8 na B, 0 na O, 5 na S, hasa pale namba ilipogongwa kwa mkono. Usidharau tarakimu zilizo baada ya kistari. Mara nyingi witiri ni upande wa kushoto na shufwa ni wa kulia, na wakati mwingine -02 ni toleo lililorekebishwa ambalo ndege yako haijaruhusiwa kulitumia. Jibu liko kwenye katalogi ya vipuri, ukiifungua kwa namba ya kiwandani ya ndege yako, si kwa aina ya ndege tu.

Sasa jina la kiwanda na mwaka. Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo penye faida zaidi.

De Havilland Canada, waundaji wa Beaver, Twin Otter na Dash 8, ilianza Toronto mwaka 1928, tawi la kampuni ya Uingereza. Boeing iliinunua 1986, Bombardier ikaichukua 1992. Mwaka 2006 Viking Air ya British Columbia ilinunua vyeti vya aina, yaani vya usanifu, vya ndege za zamani, DHC-1 mpaka DHC-7 (Beaver ni DHC-2, Twin Otter ni DHC-6). Mwaka 2019 Dash 8 nayo ilikwenda kwa Longview, wenye Viking, na jina la De Havilland Canada likarudi. Kwa hiyo Dash 8 moja inaweza kuwa na karatasi za majina matatu na zote zikawa halali. Kinachotakiwa ni jina lilingane na mwaka. Twin Otter za mkondo wa kwanza, 844 kwa jumla, ziliisha kutengenezwa 1988, na zile za Series 400 zilianza kukabidhiwa wateja 2010. Ukiona kibati cha ndege hiyo kinasema imeundwa 1997, simamisha kazi. Lakini kipuri cha Twin Otter cha mwaka 1997 hakina tatizo kwa mwaka huo pekee, kwa kuwa utengenezaji wa vipuri haukukoma ndege zilipokoma.

Upande wa injini, Pratt & Whitney Canada ilianza 1928 Longueuil, karibu na Montreal, ikiunga na kutengeneza injini za Wasp. PT6 iliwashwa mara ya kwanza 1960, ikaruka 1961. Kibati cha injini kongwe kikiandikwa United Aircraft of Canada usishtuke: hilo lilikuwa jina la kampuni hiyohiyo kuanzia 1962 mpaka 1975. Jina hilo kwenye injini inayodaiwa kuwa ya 1990, hapo shtuka.

Kuhusu karatasi, hati inayothibitisha kipuri kutoka Canada kinafaa kufungwa ni Form One ya Transport Canada, mamlaka ya usafiri ya huko. Imepangwa kama EASA Form 1 ya Ulaya na 8130-3 ya Marekani. Za zamani zilikuwa na namba 24-0078. Linganisha kisanduku cha 8 na namba ya kipuri, na cha 10 na namba yake ya pekee. Cha 11 kinaeleza hali yake, kipya au kilichokarabatiwa. Kipya husainiwa kushoto, kisanduku cha 13. Kilichopita karakana husainiwa kulia, cha 14. Pande zote mbili zikisainiwa, kuna kasoro. Mwezi uwe kwa herufi, maana 09/10 yaweza kusomeka Septemba au Oktoba. Kisanduku cha 12 kisome neno kwa neno, kwani masharti hufichwa humo. Ankara au barua ya muuzaji, hata iwe na nembo ya dhahabu, haichukui nafasi ya hati hii.

Ukiwa na shaka, tafuta shirika lililosaini kwenye orodha ya Transport Canada, uliandikie kwa anwani uliyoipata mwenyewe, usitumie iliyo kwenye hati. Taja namba ya hati, iliyo kwenye kisanduku cha 3. Mwaka 2023 ilibainika Uingereza kwamba AOG Technics ilikuwa imeuza vipuri vya injini za CFM56 kwa hati za kughushi, na mashirika makubwa ya ndege yalikuwa yameshavifunga.

Diski za tabaini ya injini na sehemu za magurudumu zina ukomo wa mizunguko, yaani idadi ya safari za kuruka na kutua, na historia yake lazima ifike mpaka siku ya kuzaliwa. Pengo la miezi miwili tu linatosha kukikataa kipuri. Kwetu mizunguko hukimbia kuliko saa: safari ya Pemba ni nusu saa hivi, hivyo saa 3,600 zinaweza kuwa safari 7,200. Muuzaji anayekutajia saa pekee hajakuambia kitu. Uliza pia injini iliwashwa mara ngapi, maana kutua bila kuzima huhesabiwa kwa kanuni yake.

Kisha kutu. Septemba 2007 Dash 8 mbili za SAS, shirika la ndege la Skandinavia, zilivunjikiwa na gurudumu wakati wa kutua, Aalborg na Vilnius, kwa sababu kutu ilikuwa imekula nyuzi za skrubu ndani ya pistoni ya kuinua na kushusha magurudumu. Ile ya tatu, Oktoba Copenhagen, kosa lilikuwa ringi ya mpira iliyoziba njia ya mafuta. Kwa nje hakuna kilichoonekana. Kwa hewa yetu ya chumvi, kipuri chenye nyuzi kilichokaa stoo kikaguliwe ndani kwa taa na kioo cha kukuza.

Kipuri chenye shaka kifungwe lebo nyekundu, kiwekwe kwenye kabati lenye kufuli, mbali na vilivyo salama. Usikirudishe kwa muuzaji, kwani kesho atamuuzia mwingine. Nakili karatasi zote, ripoti TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, usubiri, kwa kuwa ni ushahidi. Wakishamaliza nacho na kisipofaa, kikate kwa msumeno mahali pasipoungika. Rangi nyekundu peke yake hufutika kwa petroli.