Kabla ya kupima miili ya vijana na wazee Lamu

Mizani ijaribiwe kwanza kwa lita 20 za maji zilizopimwa: ukishatoa uzito wa dumu, isome kilo 20. Iwekwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, si mkekani wala mchangani. Viatu vivuliwe, simu na funguo zitoke mifukoni.

Sasa maji, na hapa tulia. Mizani inayokadiria mafuta hupitisha umeme hafifu mwilini. Umeme hupita kwa wepesi penye maji, na misuli ina maji mengi kuliko mafuta. Mashine haiyaoni mafuta yenyewe. Hupima jinsi mwili unavyouzuia umeme, kisha hupiga hesabu ikichukulia kwamba sehemu isiyo mafuta ni maji kiasi cha asilimia 73. Mwili ukikauka umeme hupita kwa shida, na mtu huandikiwa mafuta zaidi na misuli michache.

Utafiti wa marika huharibikia hapo. Tuseme vijana wa mtaa wa Mkomani wamepimwa saa moja asubuhi kabla ya kazi. Wazee wa mtaa wa Langoni wakaja baada ya Alasiri, jua limeshawapiga, na mzee huchelewa kuhisi kiu hata mwili ukiwa mkavu. Karatasi itasema misuli imeporomoka kwa umri, kumbe sehemu ya anguko hilo ni kiu tu. Misuli hupungua kweli uzeeni, lakini imepungua kiasi gani hutajua tena, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayokurudishia asubuhi ile.

Kwa hiyo marika yote yapimwe saa zile zile za asubuhi, watu wameshakwenda haja ndogo, hawajafanya kazi nzito tangu jana yake. Ramadhani ahirisha. Mjamzito, na mwenye kifaa cha mapigo ya moyo kifuani, wasipande kabisa.

Sukari hupimwa baada ya kukaa angalau saa 8 bila kula. Maji ruhusa, kahawa hapana. Vidole vioshwe kwa sabuni na vikauke, maana chembe ya halwa kidoleni yaweza kumvusha mtu asiye mgonjwa hadi milimoli 7.0 kwa lita, anakohesabiwa mgonjwa wa kisukari. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe kila mara. Unyevu wa pwani huviharibu.

Futi ya kiuno ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishashusha pumzi, si juu ya buibui.

Mzee aliyepinda mgongo hupungua kimo, basi uzito ukilinganishwa na kimo ataonekana amenenepa. Mpime na nguvu: asimame na kukaa mara 5, mikono imekunjwa kifuani, akizidi sekunde 15, nguvu zimepungua. Tumia kiti kimoja kwa wote, kimeegemezwa ukutani. Baraza la nje lisitumike, kwani mabaraza hayalingani urefu.

Anayepima wanawake awe mwanamke, nyuma ya pazia. Uzito wa mtu usitajwe kwa sauti, hasa wa mtoto mbele ya wenzake. Na kabla hata ya kumshika mtu mkono, awe amekubali, na ajue atakwenda wapi akikutwa na sukari au presha.