Namna ya kuhakiki albamu iliyozua zogo: mfano wa Like a Prayer ya Madonna

Albamu ikizua zogo, wahakiki wengi huandika kuhusu zogo na kuisahau albamu. Msomaji anafika mwisho anajua nani alikasirika na nani alisusa, lakini hajui nyimbo zenyewe zikoje, kwaya imeimba vipi, wala kama inafaa aitafute. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, tenganisha vitu hivyo viwili, halafu vikutanishe pale tu vinapogusana kweli. Mfano tunaoutumia hapa ni Like a Prayer ya Madonna, mwimbaji wa pop wa Marekani, ya Machi 1989, kwa sababu ni albamu ambayo watu wengi waliihukumu kwa kitu kisichokuwemo kwenye santuri.

Jua ugomvi ulikuwa juu ya nini

Chukua karatasi uigawe mafungu manne: nyimbo, video, jalada, na mwenendo wa msanii nje ya studio. Kila lalamiko unalokutana nalo kwenye magazeti ya wakati ule liweke kwenye fungu lake. Kwa albamu hii utaona karibu yote yanaangukia kwenye video ya wimbo mmoja.

Tarehe 2 Machi 1989 Pepsi ilirusha tangazo lake lenye Madonna na wimbo Like a Prayer, tangazo la kifamilia ambalo halikumuudhi mtu. Kesho yake MTV, kituo cha televisheni cha muziki, ikaonyesha video ya wimbo huo. Humo misalaba inawaka moto, mwimbaji anatokwa na majeraha viganjani kama ya msalabani, na sanamu ya mtakatifu Mweusi inapata uhai na kumbusu. Vikundi vya Kikatoliki nchini Italia vikapaza sauti, na Marekani baadhi ya Wakristo wakatangaza kuisusia Pepsi. Kampuni ikaliondoa tangazo, Madonna akabaki na malipo yake ya dola milioni 5. Sasa angalia tarehe: albamu ilitoka Machi 21. Waliokuwa wakiilaani mwanzoni mwa mwezi walikuwa hawajaisikia, na uhakiki wako lazima uliseme hilo.

Video yenyewe itazame mara mbili, ya kwanza bila sauti, huku ukiandika tukio kwa tukio. Wanaume weupe wanamshambulia msichana. Mwanamume Mweusi aliyekuja kumsaidia ndiye anayekamatwa na polisi. Shahidi, ambaye ni Madonna, anakimbilia kanisani, na mwishowe anapata ujasiri wa kwenda kituoni kusema alichokiona; yule mtu anaachiwa. Kisha pazia linashuka, na wahusika wote wanatokeza kuwainamia watazamaji. Lilikuwa igizo la jukwaani. Mhakiki asiyetaja pazia hilo amemnyima msomaji nusu ya maana. Misalaba inayowaka nayo inataka maelezo: Marekani ni alama ya Ku Klux Klan, kundi lililowatesa na kuwaua watu Weusi. Msomaji asiyeijua historia hiyo atadhani ni msalaba wa Kristo unaodhihakiwa, na hutakuwa umemsaidia.

Walioudhika usiwacheke. Sanamu ya mtakatifu kubusiana na mwanamke ndani ya kanisa ni jambo zito kwa muumini, na ana haki ya kuona uchungu. Eleza kwa usahihi kilichomuudhi, kisha eleza kilichomo kwenye kazi. Ikiwa imani yako mwenyewe inaathiri hukumu yako, iseme mara moja, waziwazi, uendelee.

Hakikisha unasikiliza toleo lenyewe

Kosa hili ni la kawaida na huharibu uhakiki mzima. Ukiandika jina la wimbo kwenye programu ya muziki, mara nyingi unaletewa toleo la The Immaculate Collection ya 1990, mkusanyiko ambao nyimbo zake zilichanganywa upya. Express Yourself ni mtego zaidi, kwa kuwa video yake ilitumia toleo lililochanganywa upya na Shep Pettibone, lenye midundo ya ukumbi wa dansi, wakati toleo la albamu, alilotayarisha Stephen Bray pamoja na Madonna, limebebwa na tarumbeta na mwendo wa soul ya zamani, muziki wa Wamarekani Weusi. Ukisifu midundo uliyoisikia kwenye video, unasifu kitu kingine kabisa. Albamu halisi ina nyimbo 11, dakika 51 hivi, inaanza na Like a Prayer na kufunga na Act of Contrition.

Kusikiliza

Sikiliza mara nne, si chini ya hapo, na usizimalize siku moja. Ya kwanza ni moja kwa moja bila kusimamisha na bila kalamu. Ya pili vaa hedifoni na uandike kwa dakika na sekunde. Ya tatu fuata maneno yaliyochapishwa. Ya nne tumia spika ndogo ya simu au ya gari, maana huko ndiko wasomaji wako watakakoisikia. Ukisikiliza mara moja tu utakumbuka viitikio vya Cherish na Express Yourself. Nyimbo za polepole, ambazo ndizo uti wa mgongo wa albamu hii, hujitokeza mara ya tatu.

Maandishi ya mara ya pili yawe ya vitu vinavyosikika, si ya hisia. Chukua mwanzo wa wimbo wa kwanza. Gitaa lenye mkwaruzo linaingia kwa nguvu na kukatwa ghafla, kama mlango umebamizwa. Nyuma yake inabaki sauti ya kwaya na kinanda cha kanisani, na Madonna akiimba juu yake bila ngoma. Kisha ngoma na besi zinaingia kwa mkupuo. Ubeti ukirudi zinapungua, kiitikio kikirudi zinajaa tena. Kuelekea mwisho mwimbaji anaiachia kwaya nafasi. Sasa una jambo la kusema: wimbo umejengwa kwa kupishana kwa ibada na dansi, na ugomvi wake uko ndani ya mdundo kabla hata ya video kupigwa.

Hapa msomaji wa kwetu aliyekulia kwenye kwaya ana sikio zuri kuliko wengi, basi litumie. Jiulize kama kwaya inamjibu mwimbaji au inajaza nafasi tu, na kama sauti za chini zinasikika au zimemezwa na vyombo. Kwaya hii ni ya Andraé Crouch, mtu mkubwa wa injili Marekani. Waimbaji wake walikubali kuimba kwenye wimbo, ila kwenye video hawakutaka kuonekana. Sentensi moja ya namna hiyo inaonyesha mpaka kati ya wimbo na video vizuri kuliko aya tatu za mjadala.

Maneno ya nyimbo na maisha ya mwimbaji

Mama yake Madonna alifariki mwaka 1963, binti akiwa na miaka mitano, na albamu imetolewa kwa kumbukumbu ya mama huyo aliyemfundisha kusali. Madai ya talaka kati ya Madonna na mumewe, mwigizaji Sean Penn, yalifunguliwa Januari 1989. Mambo haya yanasaidia kuisikia Promise to Try, ya piano na nyuzi tu, na Till Death Do Us Part, ambayo inakwenda mbio kwa furaha ya juujuu huku ikisimulia ndoa inayovunjika, hadi vyombo vya nyumbani vinasikika vikipasuka. Lakini usigeuze wimbo kuwa ushahidi wa mahakamani. Andika "wimbo unasimulia mume mkali", usiandike kwamba jambo fulani lilimtokea mtu fulani. Ukivuka hapo umekosea kama mhakiki, na huenda ukajibu mbele ya sheria.

Ukinukuu maneno, mstari mmoja au miwili inatosha, na tafsiri ifanye mwenyewe. Neno "prayer" tafsiri ya "sala" inalibeba, ila misemo mingine itataka fafanuo fupi, si neno kwa neno.

Mpangilio, na nyimbo dhaifu

Kwenye santuri, Promise to Try inafunga upande wa kwanza na Cherish inafungua wa pili. Kati yake kulikuwa na kimya cha kuinuka kwenda kuigeuza, na kimya hicho kilimpa msikilizaji muda wa kutoka kwenye msiba kabla ya wimbo mchangamfu wa mapenzi. Kwenye simu kimeondoka, na nyimbo hizo mbili zinagongana. Itaje, kwa kuwa si kosa la watunzi.

Kutaja udhaifu ni lazima hata kama albamu unaipenda. Love Song, walioiandika na kuiimba pamoja Madonna na mwanamuziki Prince, ina majina makubwa kuliko wimbo wenyewe. Inazunguka palepale bila kufika. Act of Contrition, yenye kwaya iliyogeuzwa kinyumenyume na gitaa linalopiga kelele, hugawa wasikilizaji. Kwa hukumu yetu inastahili kuwepo, maana inarudisha kwaya ya mwanzo ikiwa imeharibika, na sala iliyoanza kwa unyenyekevu inakwisha kwa hasira.

Kuhusu jalada, taja picha iliyopigwa na Herb Ritts, kiuno na jinzi, na kwamba nakala za mwanzo zilinukia pachuli, mafuta ya mmea yenye harufu nzito, na kubeba karatasi ya maelezo kuhusu UKIMWI. Karatasi ile ilihitaji ujasiri kuliko misalaba, na haikuzungumzwa hata robo yake.

Ukisema mwimbaji alianzisha mtindo, thibitisha kwa kulinganisha. Weka kando yake albamu yake ya 1986, True Blue, maana watayarishaji Patrick Leonard na Stephen Bray wamo kwenye zote mbili, uandike kilichobadilika kwenye sauti, mada na vyombo. Wiki sita ilizokaa nambari moja kwenye chati ya albamu ya Billboard, ya Marekani, zinathibitisha mauzo tu.

Kuandika

Lenga maneno 700 hadi 900. Aya ya kwanza iwe ya muziki, mahali mahususi mtu anapoweza kwenda kusikiliza. Zogo lipewe aya moja, ikizidi mbili, na likae katikati. Nyimbo tatu zichambue kwa kina, mbili au tatu zipitie kwa sentensi moja moja, zilizobaki ziache. Maneno kama "ngoma kali" na "ni moto" yafute yote, maana yanafaa kwa kila wimbo duniani, kwa hiyo hayasemi chochote kuhusu huu. Kila ulipoyafuta, weka kinachosikika.

Mwisho kagua tahajia za majina, kile kistari cha Andraé kikiwemo, na uonyeshe chini toleo ulilosikiliza na mwaka wake. Kichwa kiandike baada ya yote. Kikitaja Pepsi au Vatikani bila kutaja sauti yoyote, kibadilishe.