Usifunge Shina: Kushikiza Bonsai Mezani Kabla ya Kusi Kushika Kasi

Ndugu wenye vitalu vya Pwani, kila msimu wa kusi nakuta kosa lilelile kwenye bustani zenu. Bonsai (mti unaodumazwa ubaki mdogo ndani ya chungu) ya mkwaju, mfikasi au bogenvilia iliyolelewa kwa miaka imefungwa kamba shinani, na ncha ya pili ya kamba imefungwa kwenye nguzo ya meza. Mwenyewe anaamini ameukinga mti. Ukweli ni kwamba ameuweka pabaya kuliko kama angeuacha bila kamba.

Tazama kinachotokea. Upepo unasukuma matawi, chungu kinaanza kuteleza. Kamba inaushika mti juu, ilhali chini chungu kiko huru, na uzito wote wa udongo unavuta mizizi. Chungu kikitoka mezani kinapasuka, mti unabaki unaning'inia kwenye nguzo, mizizi nje, juani. Hata kisipoanguka, mti unacheza ndani ya chungu kama jino lililolegea, na vijizizi vyembamba vinavyonyonya maji vinakatika kabla havijashika udongo. Julai majani yanapukutika, mkulima anaongeza maji, mizizi iliyojeruhiwa inaoza. Kisha mnaniita mkiniambia ni ugonjwa, na wengine wameshanunua dawa ya ukungu. Fungueni kamba kwanza.

Shina lenyewe nalo linaumia. Kamba ya manila inasugua gome kutwa kucha. Ukitumia waya, mfikasi unaokua kwa kasi kwenye joto letu unaweza kuanza kuumeza ndani ya wiki sita hadi nane, na kovu lake hukaa miaka. Mnunuzi wa bonsai hutazama shina kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Kovu la waya linashusha bei ya mti uliougharamia muda mrefu, na hakuna mbolea itakayolifuta.

Msiudharau upepo huu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa kwa mikoa ya Pwani na visiwani. Wavuvi huzisikiliza, nanyi msikilize. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Kwa kilomita 40, matawi yaliyoshiba majani yenye eneo la sentimita 45 kwa 45 husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja na nusu. Msukumo huo unapiga juu, na chini kuna chungu chenye kina cha sentimita 6 au 7 tu. Udongo ukikauka, chungu kinakuwa chepesi na kinapinduka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo siku ya tahadhari mwagilia kabla upepo haujapanda, usingoje jioni.

Mpangilio ni huu: mti ushikwe na chungu, chungu kishikwe na meza, meza ishikwe na ardhi. Shina halifungwi popote.

Kuufunga mti kwenye chungu ndiko wengi mnakokuruka, kwa sababu hufanyika siku ya kuhamisha mti na baadaye hakuonekani. Tumia waya wa alumini wa milimita 2 hadi 2.5, chungu kikizidi sentimita 40, tumia wa milimita 3. Usipoupata, waya wa shaba wa umeme wa nyumba namba 2.5, ule wa uzi mmoja mzito wenye ganda la plastiki, unafaa sana. Waya wa kufungia nondo usiutumie kamwe: chumvi ya bahari inauozesha kwa kutu, na unakatika katikati ya kusi.

Kwa chungu cha sentimita 30 kwa 20, kata vipande viwili vya sentimita 70 kila kimoja. Pitisha kila kipande kutoka chini kupitia matundu mawili, ili ncha nne zitokeze juu kwenye pembe nne. Chungu kisicho na matundu ya kutosha kitobolewe matundu ya milimita 5 kwa drili yenye ncha ya vigae, ukimwagia maji taratibu. Weka mti, kisha pitisha waya juu ya mizizi minene iliyo karibu na shina, na kati ya waya na mzizi weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Shika ncha mbili kwa koleo, vuta kwanza, ndipo usokote. Nasisitiza: vuta, sokota, vuta tena, sokota. Ukisokota bila kuvuta, waya unajikunja wenyewe na mti unabaki umelegea.

Jaribio ni moja. Shika shina chini kabisa, inua taratibu sentimita moja. Chungu kiinuke pamoja na mti. Udongo ukipasuka kuzunguka shina, fungua uanze upya, hata kama kiza kinaingia.

Kazi hii ifanyike Februari, isizidi katikati ya Machi, ili mizizi ipate miezi miwili na zaidi ya kushika kabla ya Juni. Anayehamisha mti Juni au Julai anautafutia kifo. Waya usiukate kwa miezi sita ya kwanza.

Mezani, chungu kikae angalau sentimita 10 kutoka ukingoni, na upande wake mfupi uelekee kusini-mashariki unakotoka upepo. Chungu cha mstatili hupinduka upesi kinapopigwa ubavuni, yaani upande wake mrefu. Kata tyubu vipande vya upana wa sentimita 3, pitisha juu ya ncha mbili za chungu, si juu ya shina, na uvifunge kwenye skrubu zilizokazwa pembeni mwa mbao. Badilisha mipira kila mwaka kabla ya Mei, maana jua huipasua. Kamba ya katani haifai, ikilowa inakaza na ikikauka inalegea. Miguu ya meza izamishwe ardhini sentimita 45. Upande wa upepo weka neti ya kivuli ya asilimia 50, si ukuta mzima, kwa kuwa upepo unaoruka ukuta hushuka nyuma yake kwa mzunguko.

Ukiona vichipukizi vipya kati ya Julai na Agosti, mti umeshika.

Taarifa ikiwa ya kimbunga, kama Hidaya ya Mei 2024, usitegemee mpira wala waya: shusha vyungu vyote chini, nyuma ya nyumba.

Na wale ambao miti yenu imefungwa shinani hadi leo, msizungushe waya kuutoa. Kateni vipande vidogo kwa koleo la kukatia, kila mzunguko peke yake, na kilichozama ndani ya gome kiacheni. Mti ulioanguka funika mizizi yake kwa gunia lililolowa hapohapo, uupande na kuufunga kwa waya siku hiyohiyo, uuweke kivulini kwa wiki nne, na usiutie mbolea hadi utoe majani mapya.