Una dispraksia? Usianzie urafiki uwanjani

Dispraksia huufanya ubongo upate shida kupanga mienendo ya mwili. Akili yako haina tatizo. Lakini wakati wa mapumziko wenzako wanakimbilia mpira, na mpira huohuo unakupita katikati ya mikono. Basi achana na mlango huo. Tafuta shughuli ya kukaa au kuongea: mdahalo, kwaya, hata kuandika mabao ya mechi. Mwandika mabao huzungukwa na watu muda wote, na hakuna anayemrushia kitu.

Halafu anza na mtu mmoja, si kundi. Maongezi ya watu sita huenda kasi, na wengi wenye dispraksia huhitaji muda kidogo kupanga la kusema. Kutembea na mmoja hadi kituo cha daladala ni rahisi zaidi: hamtazamani usoni, na mkikaa kimya kidogo hakuna aibu.

Kuwa na sentensi moja tayari mdomoni, maana siku moja utamwaga uji kwenye foleni: "Mikono yangu haielewani na ubongo, nimezaliwa hivyo. Hebu nishikie kikombe." Iseme kawaida, bila kuomba radhi mara kumi. Hilo neno "nishikie" lina kazi yake: aliyekusaidia jambo dogo leo huona wepesi kukusemesha kesho.

Anayecheka pamoja nawe si sawa na anayeigiza unavyojikwaa. Huyo wa pili mwepuke, na akizidi nenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha.